Zamu Isiyokabidhiwa

Barua ya wazi kwa mnaosimamia hospitali, vyuo vya uuguzi na mafao ya wastaafu

Waheshimiwa,

Wodini muuguzi haondoki hivihivi. Anayemaliza zamu humsubiri anayeingia, wakapita pamoja kitanda hadi kitanda: huyu ametapika mara mbili, huyu dripu yake inaisha saa tisa, yule wa ukutani anasema haumwi lakini mtazame anavyokunja vidole vya miguu. Anayeingia akichelewa, anayetoka anabaki. Hayo nayajua ingawa sijawahi kuvaa sare. Nimeyajua kwa kusubiri. Sehemu kubwa ya utoto wangu niliimalizia kwenye ngazi za nje ya hospitali, mkoba wa shule magotini, wenzake Shangazi wameshatoka mmoja mmoja, yeye bado yuko ndani anakabidhi.

Kazi hiyo aliifanya miaka 38. Siku ya mwisho alirudisha funguo za kabati la dawa, sare mbili na kitambulisho. Akatia saini. Akapewa cheti cha shukrani ambacho jina lake lilikosewa herufi moja, akacheka, akakiweka chini ya godoro. Hakuna aliyemwambia: Sista, kaa kidogo, tupitie pamoja, unatuachia nini?

Sasa amefariki, na mimi nawaandikia kwa ajili ya swali hilo ambalo hakuulizwa. Jina lake sitalitaja. Alikuwa akisema mgonjwa akilikumbuka jina la nesi basi kuna kitu kilikwenda vibaya. Hilo sidhani kama ni kweli, maana nimezika mtu ambaye jina lake lilikumbukwa na watu wengi mno, lakini ndivyo alivyopenda.

Mtu akistaafu tunasema amepumzika. Shangazi alistaafu, na usiku kucha, kila zikipita saa mbili, alikuwa macho. Huo ndio muda wa kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, ili mgongo na nyonga zisife kwa kulaliwa. Kidonda cha kulaliwa huanza kwa wekundu mdogo tu, na kwenye ngozi nyeusi hata huo wekundu huuoni. Inabidi upitishe kiganja, usikie joto, usikie ugumu. Mwili wake ulishazoea kuamka kwa ajili ya migongo ya watu. Sisi wapwa zake tuliokuwa tukilala kwake tulimsikia akija hadi mlangoni, anasimama, anatusikiliza tunavyopumua. Mdogo wetu ana pumu. Akiridhika, anarudi kulala. Baada ya saa mbili yuko tena hapo. Iliendelea hivyo miaka 11, mpaka miguu ilipokataa.

Kiinua mgongo kilipotoka, baada ya safari nyingi ambazo nitazirudia, kitu cha kwanza alichonunua ni mashine ya kupimia presha. Alitaka ile ya kupampu kwa mkono, yenye kipimo cha kusikilizia masikioni. Akaweka benchi nje ya mlango, na kila Jumamosi asubuhi watu wakaanza kuja. Dawa hakumpa mtu hata siku moja. "Mimi siyo daktari," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu ambaye amewasahihisha madaktari wengi. Kazi aliyobakiwa nayo, alisema, ni mbili tu: kuona na kupeleka.

Na alikuwa na masharti. Ukifika unakaa dakika tano kwanza. Mgongo umeegemea, miguu yote chini, hakuna kukunja nne, mkono umepumzika usawa wa moyo, na hakuna kuongea. Watu wazima wenye vyeo vyao, wasionyamazishwa na yeyote, walikaa kimya dakika tano kwenye benchi la Shangazi kama watoto wa chekechea. Nina wasiwasi kwamba baadhi yao presha haikuwa shida. Walikuja kwa ajili ya hizo dakika tano.

Siku moja jirani yetu mmoja alikuja kuuliza kitu kidogo tu, kuhusu mti uliokuwa ukimwaga majani upande wake. Shangazi alimkatiza katikati ya neno. Akamwambia atabasamu. Upande mmoja wa mdomo ukabaki chini. Akamwambia anyanyue mikono yote miwili. Mmoja ukawa unashuka wenyewe. Sisi tulikimbilia maji, akatupigia kelele ambazo bado nazisikia: "Asipewe maji!" Mwenye kiharusi huweza kushindwa kumeza, na hayo maji ya huruma yakaingia kwenye mapafu. Akatazama saa, akaandika dakika yenyewe kwenye kiganja cha yule jirani kwa kalamu ya wino, akampakia kwenye gari. Daktari atakayempokea lazima ajue dalili zimeanza lini, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Baada ya hapo, kwa wengi, mlango huo unafungwa. Jirani yule alirudi akitembea. Ugomvi wa mti hatukuusikia tena.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu nataka mlione vizuri lile mlilopokea pamoja na funguo za kabati la dawa, na lile ambalo hamkulipokea.

Hadithi zake za kutulaza hazikuwa za sungura na fisi. Zilikuwa za Vienna, kule Austria, mwaka 1847. Palikuwa na wodi mbili za wazazi katika hospitali moja kubwa. Moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Katika ile ya madaktari homa ya uzazi iliua wanawake wengi zaidi, na habari zilikuwa zimeenea mitaani, hata wajawazito wakawa wanalia mlangoni wakisihi wapelekwe kwa wakunga. Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, akaja kung'amua kwamba wenzake walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo vikashuka. Wenzake wengi hawakumkubali, na mwaka 1865 alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapo Shangazi alikuwa akinyamaza, halafu kutoka gizani: "Na nyinyi mmenawa?" Tunaamka wote, tunapangana bombani.

Nilipokuwa mkubwa nikamwambia kwamba ile ni hadithi ya daktari mwenye akili aliyepuuzwa. Akasema hapana, mimi sikusikiliza vizuri. Wale wanawake waliokuwa wakilia mlangoni walikuwa wanajua wodi ipi inaua. Walijua kabla ya Semmelweis. Hakuna aliyewauliza.

Waheshimiwa, takwimu mnazo, lakini acheni nizirudie, kwa kuwa huwa zinasomwa kwenye mikutano na kuachwa mezani. Mwaka 2020 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Muuguzi na Mkunga, miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyeitwa "bibi mwenye taa". Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti: dunia ina wauguzi karibu milioni 28, na pengo la milioni 5.9. Ikasema pia kwamba muuguzi mmoja kati ya kila sita angestaafu katika miaka kumi iliyofuata. Ripoti iliyokuja mwaka 2025 ilionyesha kwamba hadi mwaka 2023 wauguzi walifika milioni 29.8, na pengo bado ni milioni 5.8. Yaani tumechota kwa miaka kadhaa na mtungi uko palepale. Mnajenga vyuo, na ni vyema. Lakini wale mmoja kati ya sita wanapotoka na miaka 30 au 40 vichwani mwao bila kuulizwa neno, mnajaza maji kwenye pakacha.

Huyo Nightingale mnayemkumbuka kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, Shangazi alimheshimu, ingawa kwa shingo upande. Alipenda kutukumbusha kwamba kwenye Vita vya Crimea, vile vya Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, yule bibi hakufikisha hata miaka miwili. Miaka mingi iliyofuata, hadi kufariki kwake mwaka 1910 akiwa na umri wa miaka 90, aliipitisha kwa sehemu kubwa akiwa mgonjwa chumbani, anaandika: barua, hesabu za vifo, michoro, mapendekezo. Aliwaandikia wakubwa wa serikali. Nao walikuwa wakimsoma.

Wa moyoni mwa Shangazi hasa alikuwa Mary Seacole wa Jamaika. Huyo aliomba kwenda Crimea kuuguza askari, akakataliwa. Akajilipia safari mwenyewe, na mwaka 1855 akafungua karibu na bandari ya Balaclava, hukohuko Crimea, mahali pa kuwalisha na kuwatibu. Vita vilipokwisha alirudi Uingereza amefilisika, na waliomkumbuka ndio waliochangishana kumwinua. "Nesi humjui kwa taa," Shangazi alikuwa akisema. "Mfungue pochi."

Pochi yake tuliifungua. Kilichobaki cha kiinua mgongo kilikuwa kimeshageuka ada za wapwa wawili, miwani ya mzee wa nyumba ya tatu, na nauli za watu waliopelekwa hospitali wakiwa hawana hata ya kurudia. Niliwahi kuthubutu kumwambia kwamba anajimaliza. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyetoa dripu mwenyewe, akaniuliza ile ada yangu ya mwaka wa pili ilitoka wapi. Sikuwa na jibu.

Sasa nije kwenye zile safari.

Ofisi fulani, ambayo siitaji, ilimtaka kila baada ya muda aende mwenyewe kuthibitisha kwamba yu hai. Sina ugomvi na uhakiki. Najua kuna wanaochukua mafao ya marehemu. Ugomvi wangu ni wa siku moja. Tulifika alfajiri, tukakuta foleni ya wazee imeshazunguka jengo. Hakuna kiti. Shangazi hakuweza kusimama bila kukagua, hivyo baada ya nusu saa alikuwa ameshajua nani ana kisukari na hajala, nani kameza dawa ya presha na hajui choo kiko wapi. Kwenye saa tano mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu alianguka. Shangazi alipiga magoti, umri wake ule, akamlaza chali, akamnyanyulia miguu, akamfungua vifungo vya kola, akawafukuza waliokuwa wanamzingira. Alimshika mkono, macho kwenye saa yake ile ya kubandika kifuani ambayo hakuiacha hata baada ya kustaafu, anahesabu mapigo. Mzee akazinduka. Tukamtafutia kitu cha kula.

Tuliporudi kwenye foleni, dirishani wakasema jina limeshaitwa, halikuitikiwa, arudi mwezi ujao. Nikaanza kufoka. Yeye akanivuta mkono. Njiani hakusema neno mpaka tulipokaribia nyumbani, kisha: "Yule kijana wa dirishani macho yake ni ya manjano. Mwezi ujao nikumbushe nimwambie."

Mwezi uliofuata alimwambia. Sijui kama alikwenda kupima.

Kuna mkataba wa kimataifa juu ya wauguzi, Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977. Unataka wauguzi wapate masharti ya kazi yasiyopungua ya wafanyakazi wengine, na hifadhi ya jamii imo. Nilimsomea Shangazi siku moja, nikidhani atafurahi. Aliuliza kama kuna kifungu kinachohusu viti.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo kiasi cha kuaibisha: viti, kivuli, na mtu wa kuwafuata majumbani wale wasioweza kutembea. Mtu aliyekesha na wenu miaka 38 asisimamishwe juani ili athibitishe kwamba anapumua.

La pili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Kabla muuguzi hajarudisha funguo, mpeni muda wa kukabidhi. Mwezi, miezi mitatu, nyinyi ndio wenye ratiba. Mwekeni na vijana wawili watatu waliotoka chuoni, wapite naye kitanda hadi kitanda, wala asifundishe darasani, apite tu na kusema anachokiona. Mambo ya Shangazi hayakuwa kwenye kitabu kwa namna aliyokuwa nayo yeye. Alijua kilio cha mtoto mwenye njaa na cha mtoto ambaye ubongo wake unaumwa. Alijua mgonjwa anayenyamaza ghafla ni wa kuogopwa kuliko anayepiga kelele. Alijua namna ya kumwambia mama kwamba mtoto hakupona, na kwamba ukishasema hivyo hutakiwi kuondoka, unakaa, hata kama wodi inakuita. Na baada ya kustaafu, waliotaka kuendelea muwaite: siku moja kwa wiki, kwa malipo, kwa heshima, kwenye kliniki ya presha, kwenye chanjo, kwenye simu ya muuguzi kijana aliye peke yake usiku na hana wa kumuuliza. Wengine watakataa. Migongo yao imeisha kwa kunyanyua watu, na wana haki ya kulala. Lakini Shangazi angekuja akikimbia, kama angeitwa.

Lipo la tatu, nalo nalisema harakaharaka kwa sababu bado linaniuma. Tulipokwenda kufuata stahili zake, fomu ilikuwa na nafasi ya mume, ya watoto, ya wazazi. Hakuwa na hao. Alikuwa na sisi, watoto wa kaka yake, sita. "Uhusiano na marehemu?" Nikasema ni shangazi yangu. "Shangazi hayumo." Labda sheria ndivyo inavyosema. Basi itazameni hiyo sheria.

Niwaambie kuhusu daftari, kisha niwaache.

Kila aliyekaa kwenye lile benchi aliandikwa, lakini si kwa jina. Shangazi alilinda siri za watu hadi mwisho. Ndani mna "Mwenye kofia", "Mama mapacha", "Mpiga chafya", kila mmoja na tarehe zake, presha zake, na neno au mawili: ameongeza chumvi, amefiwa, dawa zimekwisha anaona haya kusema. Baada ya mazishi tulikaa wapwa wote tukajaribu kukisia nani ni nani. Wote tuliwapata isipokuwa mmoja. Aliandikwa "Mkaidi". Alianza miaka miwili na nusu iliyopita, presha 150 kwa 95. Kila ukurasa inapanda. Pembeni maneno yaleyale: ameambiwa aende hospitali, hasikii. Ameambiwa tena. Miguu imeanza kuvimba, bado hasikii. Mara ya mwisho 188 kwa 110.

Mdogo wetu, yule wa pumu, ndiye aliyegundua. Kila kipimo cha Mkaidi kilichukuliwa saa kumi alfajiri. Hakuna anayekuja kwenye benchi saa kumi alfajiri. Kwa saa hiyo ndani ya nyumba aliye macho ni mmoja tu.

Hilo siwabebeshi nyinyi. Ni ukaidi wake, na ni upofu wetu sisi tuliopimwa na mtu miaka yote bila mmoja wetu kumwambia: leta na wewe mkono wako. Lakini najiuliza kama angekuwa bado na sababu ya kuingia getini kwenu hata mara moja kwa wiki, mwenzake asingemwona vile alivyokuwa yeye akiona watu.

Alilazwa moyo ukiwa umeshachoka. Usiku wa mwisho alikuwa ameketishwa kwa mito, maana hakuweza tena kulala chali. Wodi ilikuwa imejaa, muuguzi alikuwa mmoja, binti mdogo, sidhani kama alikuwa na mwaka kazini. Alipofika kitandani kwetu, kwenye saa nane, Shangazi akafumbua macho, akaanza kwa sauti yake ya wodini ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikae kwenye zile ngazi:

"Kitanda cha dirishani. Mwanamke, miaka 71. Miguu imevimba hadi magotini. Pumzi fupi, akilazwa chali inakuwa mbaya, mwongezee mto. Mkojo tangu jioni kidogo sana. Hana homa. Ndugu yupo, huyu hapa, hajala tangu asubuhi, mfukuze akale."

Yule binti angeweza kucheka, au kumwambia apumzike, bibi. Alivuta kiti. Akafungua faili, akaandika yote, na lile la mimi kutokula akaliandika.

"Nimepokea, Sista."

"Mikono umenawa?"

"Nimenawa, Sista."

"Haya."

Alifariki mchana wake. Hayo ndiyo makabidhiano pekee aliyofanya tangu arudishe funguo, na aliyeyapokea ni binti huyo ambaye hakutumwa na mtu. Nikimjua aliyemfundisha ningemshukuru.

Jumamosi iliyopita nilifungua mlango nikakuta Mwenye kofia yuko kwenye benchi. Habari za msiba alikuwa nazo, alikuwepo. Alikuwa amekaa tu, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya paja, kimya. Baadaye akaja Mama mapacha, akaketi pembeni yake. Mashine iko kabatini na mimi sijui kuisikiliza. Nilisimama mlangoni mpaka dakika tano zikaisha, kisha sikujua niseme nini.

Daftari liko kwangu. Lina watu 43, na kumi na wawili kati yao presha zao wiki ya mwisho zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Naomba mnijibu, waheshimiwa: nimkabidhi nani?

Wenu,
Mpwa wake